Soma Maji Kwanza, Kisha Uchague Kisiwa

Somo la toleo hili: safari ya siku moja katika visiwa vya Lamu

Msimu wa likizo ukikaribia, ndugu na jamaa wa mbali huanza kupiga simu: "Tukija Lamu, tutembelee kisiwa gani?" Mwenyeji wa Siyu atasema Siyu, wa Shela atasema Shela, na wa Kizingitini atakumbusha kwamba kamba hawaliwi kwingine wakiwa wabichi namna ile. Wote wanasema kweli. Ila swali lenyewe limeruka hatua moja. Kabla ya kuuliza kisiwa gani, mgeni, na hata mkazi wa Mpeketoni, Witu au Hindi anayetaka kuwapeleka watoto matembezi, anafaa kuuliza: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?

Katika kaunti hii kuna sehemu ambazo chombo hufika kwa raha saa sita mchana, na saa kumi jioni hakuna njia, ni tope na mizizi ya mikoko. Wazee wana neno la hali hiyo: kupwelewa. Chombo kilichopwelewa hakisukumiki wala hakivutiki. Abiria hukaa ndani, jua juu yao, mpaka bahari irudi. Kwa mtalii ni kisa cha kusimulia nyumbani. Kwa mama mjamzito anayetoka Pate kwenda hospitali kuu ya kaunti, iliyo mji wa Lamu, ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana somo hili linamhusu hata asiye na mpango wa kutembea.

Maji yanavyokwenda

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na kidogo. Mzunguko mzima wa kujaa mara mbili huchukua saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana. Mvuvi haandiki haya popote, anayo kichwani. Mkulima wa Lake Kenyatta anayejua majira ya mvua kwa kutazama mawingu hatashindwa kuyashika.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja. Siku hizo, na siku moja au mbili zinazofuata, ndiyo bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Katika pwani ya Kenya tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua ni takriban mita 3. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvutana kwa pembe, na tunapata maji mafu, ambayo tofauti yake hupungua hadi karibu mita 1.

Sasa hesabu. Tumia tarehe za mwezi mwandamo, zile zinazotangazwa misikitini na kuchapishwa katika kalenda nyingi za ukutani hapa kwetu. Tarehe 1 na tarehe 15 maji hujaa karibu saa kumi na moja alfajiri na tena karibu saa kumi na moja jioni, na hupwa karibu saa tano asubuhi. Kuanzia hapo ongeza dakika 50 kwa kila siku. Ukifika tarehe 8 au tarehe 22 mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu saa tano asubuhi na kupwa jioni. Hii ni hesabu ya vidole. Inaweza kupotoka kwa nusu saa, na siku za maji mafu hata kwa saa nzima. Jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya Kenya ndilo la kutegemea, na nahodha wa eneo husika ni wa kutegemea zaidi, kwa kuwa jedwali halijui fungu la mchanga limehamia wapi tangu kusi ya mwaka jana.

Jambo moja zaidi, ambalo wageni wengi hulikosea. Maji hayapandi kwa mwendo uleule. Saa ya kwanza hupanda polepole, saa ya tatu na ya nne hukimbia, kisha hupoa tena kuelekea mwisho. Katika bamvua ya mita 3, mita moja na nusu huingia au kutoka ndani ya saa mbili tu za katikati. Ndiyo sababu mtu humwambia nahodha "bado maji ni mengi, tukae kidogo", na baada ya saa moja na nusu hori limekauka.

Lamu: kisiwa kisichokusubirisha

Tuanze na kisiwa chepesi. Kutoka Mokowe kuvuka hadi gati la Lamu ni mwendo wa takriban nusu saa kwa boti ya kawaida, na huhitaji kuhesabu mwezi. Mji wa kale uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mengi yameandikwa kuuhusu, na msomaji anayeishi humu anaujua kuliko mwandishi yeyote, kwa hiyo hatutakaa sana.

Tazama ngome tu. Ujenzi wake ulianza karibu mwaka 1813 na kumalizika 1821. Baadaye iligeuzwa gereza, ikabaki hivyo hadi 1984. Leo iko ndani kidogo ya mji, lakini ilipojengwa ilikuwa karibu na maji. Majengo unayoyaona kati ya ngome na gati yamesimama juu ya ardhi iliyoongezwa baadaye kwa kujaza ufuo.

Ngome hiyo haiwezi kutenganishwa na Vita vya Shela vya miaka ya 1810, na vita hivyo ni somo la maji kuliko la mikuki. Jeshi la Pate na washirika wao, Mazrui wa Mombasa, lilishuka Shela kuja kuiteka Lamu. Watu wa Lamu walisimama imara, wavamizi wakarudi nyuma kukimbilia vyombo vyao. Inasimuliwa kwamba walivikuta vimepwelewa. Bahari ilikuwa imeshuka, na wengi waliuawa pale ufuoni. Baada ya hapo Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na mizani ya nguvu katika visiwa hivi haikurudi tena kama zamani.

Kwenda Shela kwa miguu ni kama kilomita 3 kutoka mjini. Maji yakijaa, sehemu za njia ya ufuoni huloa, basi pitia njia ya ndani. Ufuo wa Shela, wenye urefu wa kilomita 12 hivi, hupendeza maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekuwa mgumu. Hapa maji kupwa ndiyo mazuri, kinyume na visiwa vingine vyote katika somo hili. Ukifika kwenye vilima vya mchanga usivione kama mchanga mtupu. Mvua huchujwa humo na kukusanyika chini, na ndiyo akiba ya maji matamu ya mji mzima. Tutarudi kwa jambo hili tukivuka Manda.

Upande wa magharibi, Matondoni bado wanaunda majahazi. Ukibahatika kufika siku ya bamvua wakati chombo kipya kinashushwa, sahau ratiba yako na ubaki uangalie.

Manda: kisiwa kilichokosa maji

Wengi wetu tunaijua Manda kama uwanja wa ndege. Wengine wanaijua kwa mawe ya ujenzi yanayochongwa Manda Maweni, ambayo nyumba nyingi za Lamu zimejengewa. Lakini kisiwa hiki kilikuwa na mji tangu karne ya 9, Manda ya kale, uliochimbuliwa na mwanaakiolojia Neville Chittick. Na kilikuwa na Takwa.

Kama una siku moja tu, kwa maoni yetu nenda Takwa. Ni mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17. Msikiti wa Ijumaa bado umesimama, na juu ya ukuta wa kibla pana nguzo ambayo huioni katika misikiti ya leo. Milango ya nyumba ilielekezwa kaskazini, upande wa Makka. Nje ya ukuta wa mji lipo kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, sawa na 1682 hadi 1683 Miladia. Watu wa Shela wana ada ya kwenda kusoma dua kwenye kaburi hilo kuomba mvua, kwa kuwa wanahesabu asili yao kutoka mji huu.

Kwa nini walihama? Sababu inayotajwa zaidi ni visima kuingia chumvi. Katika kisiwa kidogo maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari, tabaka jembamba. Ukiyateka kuliko mvua inavyoyarudisha, bahari hupanda kutoka chini. Watu wa Takwa waliacha nyumba za mawe na msikiti, wakavuka mlango hadi mahali penye vilima vya mchanga na visima vitamu. Ndiyo Shela. Anayetaka kuwaeleza watoto kwa nini vile vilima visijengwe wala kuzolewa mchanga, awapeleke kwanza Takwa wakaone mji ulioishiwa.

Sasa njia. Mashua huvuka kutoka Lamu au Shela na kuingia hori refu lililobanwa na mikoko pande zote mbili, mpaka karibu na magofu. Maji yakipwa hori hilo halipitiki. Hapa ndipo tarehe ya mwezi inapoamua siku yako. Siku za bamvua maji ni mengi lakini huja alfajiri na jioni, saa ambazo hazifai kwa watoto. Siku za maji mafu kabisa maji huja saa tano asubuhi, saa nzuri, lakini ni machache na chombo kizito kinaweza kuparuza. Siku nzuri ni za katikati: tarehe 10 hadi 12, na tarehe 25 hadi 26. Wakati huo maji yameanza kupata nguvu tena na hujaa kati ya saa saba na saa tisa mchana. Ingia horini yakiwa bado yanajaa, saa mbili hivi kabla ya kilele, na uwe umetoka kabla ya saa moja na nusu kupita baada ya kilele. Hiyo inakupa saa tatu na zaidi, zinazotosha kuyazunguka magofu na kuvuka vilima vya mchanga hadi ufuo wa bahari kuu, uliopo karibu tu nyuma yake.

Takwa inatunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na kuna ada ya kuingia. Vigae vya vyungu unavyoviona chini viache pale pale. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuviondoa, na kigae kilichohamishwa hakimwambii mtafiti chochote tena.

Pate: kisiwa cha zaidi ya siku moja

Hapa tutakuwa wakali kidogo. Pate haiishi kwa siku moja, na anayekwambia ataona Pate, Siyu, Shanga na Faza kati ya asubuhi na jioni ama ana boti ya kasi sana ama hajawahi kwenda.

Boti za abiria kutoka Lamu hupita mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, kisha huelekea Mtangawanda na kuendelea hadi Faza na Kizingitini. Mkanda ni mwembamba, na kwa vizazi vingi safari za Pate zimepangwa kwa kujaa kwa maji pale. Njia ya pili ni kuzunguka nje ya Manda kwa bahari kuu. Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, njia hiyo si ya boti ndogo wala si ya kumpa mgeni ladha ya bahari. Uliza ratiba siku moja kabla, pale gatini. Ukiambiwa boti inaondoka saa kumi na mbili asubuhi usifikiri ni mazoea ya watu kuamka mapema. Ni maji.

Kutoka Mtangawanda hadi mji wa Pate ni kwa miguu au bodaboda. Pate ya Wanabahani ilitawala sehemu kubwa ya visiwa hivi, na leo wenyeji wanalima tumbaku katikati ya kuta zake. Anguko lake ndilo lililomfanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir atunge Al-Inkishafi, utenzi ambao kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hukutana nao. Kuusoma darasani ni sawa, lakini kusimama ndani ya ukuta uliobomoka huku majani ya tumbaku yakikufika magotini ni somo la aina yake.

Siyu ilikuwa mji wa wanazuoni na mafundi, iliyosifika kwa kazi za ngozi na kwa kunakili misahafu. Katika miaka ya 1840 Siyu, chini ya Bwana Mataka, iliyashinda majeshi ya Sayyid Said. Mke wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Ngome ya Siyu imesimama ukingoni mwa hori. Maji yakijaa unashuka karibu nayo, yakipwa utatembea.

Shanga iko kusini mwa kisiwa, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka Siyu. Hakuna ngome wala mnara wa kupigia picha, na wasiojua hurudi wakilalamika kwamba ni mawe tu. Ni mawe, kweli. Lakini chini ya msikiti wake wa mawe, mwanaakiolojia Mark Horton, aliyechimba hapo miaka ya 1980, alikuta misikiti mingine ya kale zaidi mahali palepale, ya miti na udongo, hadi kufikia karne ya 8. Watu wa pwani hii walisali hapo, wakabomoa, wakajenga tena, kizazi baada ya kizazi, mpaka mji ulipoachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo nenda na mwenyeji anayejua mahali pa kukuonyesha, na umlipe vizuri.

Lala Siyu au Faza. Asubuhi yake utarudi kwa saa ya maji, si kwa saa ya mkononi.

Kiwayu, kwa ufupi

Kiwayu ni kisiwa chembamba na kirefu ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa mwaka 1979. Kasa hutaga mayai kwenye fuo za eneo hilo. Ni mbali, na kusi humsukuma msafiri kwenda kisha humzuia kurudi, hivyo miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo inayofaa. Wasiliana kwanza na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na ofisi ya usalama ya eneo kabla ya kupanga, hata kama wewe ni mkazi.

Kabla ya kupanda

Hesabu jaketi za kuokolea maisha, kisha hesabu abiria. Zikipungua, usipande, na usione haya kusema. Mtoto avae yake tangu gatini, maana jaketi iliyo chini ya kiti haimsaidii. Beba maji ya kunywa ya kutosha saa sita zaidi ya ulizopanga, kwa kuwa huo ndio muda bahari huchukua kurudi. Mkubaliane nahodha saa ya kuondoka huko mwendako, sio saa ya kwenda peke yake, na akisema tuondoke, ondokeni.

Zoezi

Mgeni wako anatua Manda saa nne asubuhi, tarehe 15 ya mwezi mwandamo, na anataka Takwa siku hiyohiyo. Utamwambia nini?

Darasa kutoka Hindi linataka Takwa tarehe 25. Wawe horini saa ngapi, na watoke saa ngapi?

Majibu. La kwanza: maji yatakuwa yanapwa kuelekea saa tano na hayatajaa hadi karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mpeleke Shela, ambako ufuo utakuwa mpana, na Takwa ipangiwe siku nyingine. La pili: tarehe 22 maji hujaa karibu saa tano asubuhi. Ongeza siku 3 kwa dakika 50, unapata saa 2 na nusu, yaani karibu saa saba na nusu mchana. Darasa liwe linaingia horini saa tano na nusu, na mashua ya mwisho itoke kabla ya saa tisa.